Nane Ina Tano Ndani Yake: Kumchagulia Mtoto Mtaala wa Hesabu Nyumbani

Wazazi wanaotaka kumfundisha mtoto nyumbani kabla ya darasa la kwanza huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: umetumia kitabu gani cha hesabu? Kusoma hakuwatishi sana. Silabi za Kiswahili hazina hila. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, kilichobaki ni mazoezi. Hesabu ndiyo inayowanyima usingizi. Wengi wetu tuliingizwa humo kwa kukariri na kwa fimbo, tukatoka tunaamini kwamba kuna watu wa hesabu na kuna sisi. Sasa mzazi wa namna hiyo akiambiwa kwamba msingi wa mwanawe uko mikononi mwake, anatafuta boksi lenye kila kitu ndani, limwondolee huo mzigo.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka kadhaa, kabla ya kuacha na kufungua kazi ya kuchapa na kudurufu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Pasiansi, Mwanza. Kila Januari nilikuwa napokea watoto kutoka chekechea za kila aina, na wazazi waliwaleta na sifa ileile: "Huyu, mwalimu, anahesabu mpaka mia." Na kweli alihesabu, kwa wimbo, bila kuvuta pumzi. Kisha unamwekea mtoto huyohuyo vizibo saba vya soda mezani. Anavigusa kimoja kimoja, moja mpaka saba, vizuri kabisa. Unamuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu. Hajajua kwamba ile "saba" ya mwisho ndiyo jibu lenyewe. Kwake ni jina la kizibo kilichokaa mwisho wa mstari.

Watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliliandika jambo hili mwaka 1978, walipoeleza kanuni ambazo mtoto huzihitaji ili kuhesabu kwake kuwe na maana. Kila kitu kipewe namba moja tu. Namba zifuatane kwa mpangilio usiobadilika. Namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Chochote kinaweza kuhesabiwa, kiwe kokoto au hodi mlangoni. Na uanzie kushoto au kulia, idadi haibadiliki. Wimbo wa mia unaonyesha kanuni moja tu kati ya hizo, ile ya mpangilio. Nne nyingine hakuna anayezikagua, kwa sababu hazisikiki kama wimbo.

Kwa hiyo binti yetu alipofikisha miaka mitano, tukakubaliana na baba yake kwamba mwaka wa awali atausomea nyumbani (basi la shule lingempitia alfajiri gizani na kumrudisha jioni amechoka, na darasa la kwanza ataandikishwa kama wenzake), nilijua ninachokitafuta. Nilitaka mtaala unaokaa muda mrefu chini ya kumi. Nilitaka mtoto akiona nane, aione kama tano na tatu, kama nne na nne, kama kumi iliyopungukiwa mbili. Mpaka mia tutafika tu, njia yake si ndefu.

Wanaodhani huku ni kumchelewesha mtoto, waangalie Wamarekani, ambao vitabu vyao ndivyo vinavyosambaa zaidi mtandaoni. Viwango vyao vya Common Core vya mwaka 2010 vinataka mtoto wa chekechea ahesabu mpaka 100 kwa mdomo, ndiyo. Lakini ikija kwenye kujumlisha na kutoa, vinasimama ndani ya 10, na wepesi wa kujibu papo hapo unadaiwa ndani ya 5 tu. Mwaka mzima wa shule kwa ajili ya tano! Nami naona wamepima sawasawa, kwa sababu mtoto aliyeishika tano kikamilifu ana kiganja kizima cha kushikia namba nyingine zote.

Nikaanza kupekua. Mitaala mingi inayouzwa kwa wazazi wanaofundisha nyumbani inatoka Marekani, na wauzaji huweka kurasa za mfano bure. Nashauri kila mzazi azisome hizo kabla ya kusoma maoni ya watu.

Saxon Math ulianzishwa na John Saxon, ofisa mstaafu wa jeshi la anga la Marekani aliyegeuka mwalimu wa aljebra. Vitabu vyake vya madarasa ya chini, chekechea hadi la tatu, viliandikwa na Nancy Larson. Sifa yake ni hatua ndogondogo na marudio mengi, na mzazi anaandikiwa mpaka maneno ya kutamka. Kwa mzazi mwenye hofu huo ni msaada wa kweli, siupuuzi. Ila kila siku inaanza na kalenda na hali ya hewa, na somo linasonga kwa kamba ya mwandishi, si kwa macho ya mtoto aliye mbele yako.

Math-U-See wa Steve Demme unatumia vipande vya plastiki vya rangi, kila namba na rangi yake, pamoja na video za kumwelekeza mzazi. Ni mzuri. Lakini bila vile vipande kitabu kinabaki kiwete, na kuviagiza mpaka vifike Mwanza, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni pesa ambayo familia nyingi ninazozijua zingeilipia ada au bima ya afya.

Singapore nao wana historia yao. Wizara yao ya elimu ilitoa vitabu vyake vya kwanza vya Primary Mathematics mwaka 1982, na mwaka 1995 watoto wao wakaongoza dunia katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS, darasa la nne na la nane pia. Hapo ndipo wazazi wa Marekani walipoanza kuvitafuta vitabu hivyo. Msingi wake ni wazo la mwanasaikolojia Jerome Bruner: mtoto ashike kitu kwa mkono, kisha akione kwenye picha, na mwisho kabisa ndipo aandike alama. Na kabla ya kujumlisha, namba inavunjwa. Sita inavunjwa kuwa moja na tano, mbili na nne, tatu na tatu, na mtoto anaichora kama duara moja lililozaa mawili. Nilipoona ukurasa huo nilitulia. Ndicho nilichokuwa nakikosa kwa wanafunzi wangu kila Januari.

Halafu kuna RightStart wa Joan Cotter, na huu nitakaa nao kidogo, kwa sababu unatugusa sisi Waswahili kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Cotter aliona kwamba watoto wa Asia ya Mashariki huelewa makumi mapema, na sababu mojawapo ni majina: Wachina na Wajapani husema kumi-moja, kumi-mbili, makumi-mawili-na-tatu. Mtoto wa Kiingereza anakutana na majina ya kumi na moja na kumi na mbili ambayo kumi yenyewe imefichwa ndani yake, haisikiki. Kwa hiyo mtaala unamfundisha kwanza kusema namba kwa namna ya Asia, halafu ndipo majina ya kawaida.

Mtoto wetu anaipata zawadi hiyo tangu kwenye mgongo wa mama yake. Kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, kila kitu kiko wazi. Zile wiki ambazo vitabu vya Marekani vinahangaika na namba za baada ya kumi, sisi tunazipita kwa siku chache. Kikwazo chetu kiko mbele kidogo, kwenye ishirini, thelathini, arobaini, mpaka tisini, majina yaliyotoka Kiarabu na yasiyomwonyesha mtoto kumi ngapi zimo. Hakuna kitabu cha kigeni kitakachokuonya kuhusu hilo. Nyumbani kwetu tunasema kwanza "makumi mawili", kisha "yaani ishirini", yote kwa pumzi moja, mpaka yashikane. Bibi yake amekulia Magu na anahesabu kwa Kisukuma, na huko ishirini hutajwa hivyohivyo, makumi mawili. Jioni anamhesabia mjukuu wake kwa lugha hiyo, na nimemwomba asiache.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, nitamtaja kwa upesi, maana mengi yake nimeyachukua bila kununua chochote. Tangu mwaka 1907 alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma, alitaka namba ishikike. Zile fimbo zake kumi zilizopakwa nyekundu na buluu kwa zamu, ya kwanza sentimeta 10 na ya mwisho mita 1, fundi seremala wa mtaani kwetu alizikata kutoka mabaki ya mbao. Mtoto akiipanga fimbo ya tatu na ya saba mstari mmoja, zinalingana na ile ya kumi, na hakuna aliyemwambia.

Basi nilichochagua ni hiki. Uti wa mgongo ni mpangilio wa Singapore: mkono, picha, alama, na kuvunja namba mpaka kumi. Kutoka kwa Cotter nimechukua kuzipanga namba kwa tano tano, ili mtoto aone nane kwa jicho bila kuhesabu moja moja. Na kila mwezi nafungua muhtasari wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), nione binti hakosi kitu atakachokutana nacho darasa la kwanza. Vitabu vya TET vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na nawasihi wazazi wasivipite kwa kudhani cha nje ndicho bora. Muhtasari wetu unataka mtoto ajifunze kwa michezo, kwa kona za ujifunzaji, kwa vitu vya mazingira yake. Ukweli ni kwamba mwalimu mwenye watoto lukuki darasani hawezi kuutekeleza kama ulivyoandikwa. Mama mwenye mtoto mmoja mkekani anaweza.

Vipo nilivyokata bila huruma. Sura za sarafu za Marekani zote zimeondoka. Lakini hata fedha zetu sijazifanya somo la kuhesabu, na sababu si uvivu. Kitabu cha kule kinaanza na sarafu ya senti moja, kwa hiyo mtoto anaweza kuhesabu pesa moja, mbili, tatu. Sarafu ndogo inayopita mikononi mwetu ni ya shilingi 50, na nyanya fungu moja zinataka mia kadhaa. Shilingi moja haipo ya kushikwa. Mtoto anayajua "mia tano" na "elfu" kama majina ya vitu, na inatosha kwa sasa. Duka la kucheza tunalo, ila bei zake ni kokoto.

Saa nayo imesubiri. Kwenye vitabu vya kule vinavyofundisha saa, mtoto anajifunza kwa kuutazama mshale mfupi na kusoma namba ulipo. Kwetu mshale ukiwa kwenye 7 asubuhi tunasema saa moja, na ukiwa kwenye 1 mchana tunasema saa saba. Mtoto aliyejifunza jana tu kwamba alama ile ni saba na ni ya vitu saba, leo umwambie isome moja? Nimeamua saa ya ukutani ingoje mpaka namba zikomae. Tunazungumza alfajiri, asubuhi, mchana, magharibi, jana, kesho kutwa, na mpangilio huo wa siku ndio msingi wa saa yenyewe.

Vifaa sasa. Nilivyo navyo vingi ni vizibo vya soda, na mchezo unaofanya kazi kuliko yote ninaoujua nimeutoa kwenye ubao wa drafti, ambako mchezaji mmoja hulaza vizibo vyake chali na mwenzake kifudifudi. Unampa mtoto vizibo vitano. Anavitikisa viganjani, anaviachia sakafuni. "Chali vitatu, kifudifudi viwili." Anatupa tena. "Chali vinne, kifudifudi kimoja." Vizibo ni vilevile vitano, kinachobadilika ni namna vilivyogawanyika, na kwa kurusha tu mtoto anaipata kila njia ya kuivunja tano. Kuna asubuhi vyote vilianguka kifudifudi. Binti alinyamaza, akaviinamia, akasema, "Mama, chali hakuna hata kimoja. Tano na hakuna." Ndiyo siku tuliyoandika sifuri. Nilikuwa nimeipanga kwa baadaye, lakini mtoto alishaifikia, nami sikuona sababu ya kumrudisha nyuma.

Cha pili ni trei ya mayai. Trei ya kawaida ina mashimo 30, safu sita za tano tano. Ikate kwa mkasi kila baada ya safu mbili, unapata vipande vitatu vya mashimo kumi, tano juu na tano chini. Weka vizibo nane: tano zimejaa juu, tatu ziko chini, mbili ni tupu. Mtoto anayaona yote matatu kwa mara moja, nane yenyewe, tano iliyo ndani yake, na mbili zinazoidai ili iwe kumi. Na vipande vyote vitatu vikijaa, ndiyo makumi matatu, yaani thelathini. Vifaa vya kuonyesha kumi kwa mpangilio huo vinauzwa kwa dola. Sisi tunavipata kwa muuza mayai, bure, akishamaliza mayai yake.

Mdako nao. Wasichana wa rika langu tuliucheza mpaka vidole vikachubuka. Kishimo, kokoto, na kokoto moja ya kurusha. Ikiwa hewani unazichota nyingine nje ya shimo. Unarusha tena, unazirudisha ukiacha moja, unaidaka. Raundi ya pili unaacha mbili, ya tatu unaacha tatu. Muda wa kuhesabu haupo. Jicho lazima lione tatu kama tatu. Wataalamu wana istilahi zao za uwezo huo wa kuona idadi ndogo bila kuhesabu, na wameuchunguza tangu karne ya kumi na tisa. Mzee anayecheza bao anao tele, anatazama shimo na kujua kete zilizomo bila kuzigusa, kwenye ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Binti bado mdogo kwa bao. Mdako ameuanza, na bibi yake anamshinda kila siku.

Jumamosi tunaenda Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Pale namwachia muuzaji afundishe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikupimie sado au nusu?" Binti anatazama chombo kikijaa, anatazama nusu yake, anabishana na mimi kwamba nusu mbili haziwezi kujaza sado moja. Mama yule akamimina nusu mara mbili mbele yake, bila mimi kumwomba. Nyanya zimepangwa mafungu, tatu chini na moja juu, na tukirudi nyumbani tunayajenga mafungu yale mezani kabla hazijaingia jikoni.

Kuandika tarakimu nimekutenga na hesabu kabisa. Mkono wa miaka mitano unachoka upesi, na mtoto anayelia kwa sababu 2 yake imegeuka hajashindwa hesabu, kashindwa penseli. Tunaandika kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga. Mchanga ni wa ufukweni, ameuleta baba yake na tumeuanika juani mpaka ukakauka. Mtoto mwenyewe simpeleki kuchezea maji ya kando ya ziwa, kwa sababu ya kichocho.

Somo zima halizidi dakika ishirini. Akianza kuangalia dirishani, tunafunga, hata kama ukurasa haujaisha. Nikiona jambo halijamkaa, tunabaki nalo wiki nyingine, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kumfundisha nyumbani: hakuna wenzake arobaini wanaosubiri twende mbele. Mwaka 1929, mkuu wa shule za mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, L. P. Benezet, alithubutu hata kuahirisha hesabu rasmi kwa baadhi ya madarasa mpaka la sita, watoto wakabaki na kukadiria, kupima na kuzungumza. Siwezi kwenda mbali hivyo. Lakini namkumbuka kila jirani anapouliza kwa nini binti yetu bado hajaimba mpaka mia.

Ukitaka kuchagua wako, usianzie kwenye jalada wala kwenye bei. Tafuta kurasa za mfano, fungua somo la namba 8. Kama kuna bata wanane wa kupaka rangi na mstari wa kuandika 8 mara kumi, na hakuna kingine, rudisha. Kama somo linamwambia mtoto achukue vitu nane, avigawe huku na huku, aseme alichokiona, kisha agawe tena kwa namna nyingine, huo unafaa, hata ukiwa na picha za theluji. Theluji unaifuta, unachora mitumbwi. Na trei za mayai ombeni mapema kwa muuzaji wenu wa mtaani, kabla hajaziuza tena.